Nyumba Katikati ya Uwanja wa Mpira

Mimi ni mtu wa kusahihisha. Nikipita dukani nikaona bango limeandikwa vibaya, lazima nisimame nimwambie mwenye duka. Mwanafunzi akichora Ziwa Tanganyika fupi na nene, nakosa raha mpaka alichore upya, refu na jembamba kama lilivyo. Nilizaliwa Singida, nikasomea ualimu wa Jiografia, nikapangiwa shule ya sekondari moja huko Gungu, na kwa miaka yangu yote pale nilijulikana kwa kalamu nyekundu. Ndiyo maana hadi leo inaniuma kwamba ramani pekee niliyowahi kuitia saini maishani mwangu ilikuwa na uongo katikati, tena uongo mkubwa wenye mlango, madirisha mawili na bati.

Uongo wenyewe ulikuwa nyumba. Alikuwa akiishi humo bibi mmoja na mjukuu wake, ambaye alikuwa mwanafunzi wangu wa kidato cha pili. Walikuwa wamevuka kutoka Burundi siku zile ufukwe wa Kagunga ulipojaa watu hadi mchanga hauonekani. Meli ilikuwa ikiwachukua Kagunga na kuwashusha Kigoma mjini, na hapo mabasi yalikuwa yakiwasubiri kuwapeleka kambini. Wao hawakupanda basi. Waliishia Gungu, kwenye eneo la wazi la mtaa ambalo lilikuwa halina kazi, wakajenga tofali moja moja mpaka ikawa nyumba. Kwa sheria za wakati ule mkimbizi alitakiwa kuwa kambini, na akikutwa mtaani bila kibali anapelekwa huko. Kwa hiyo nyumba ile ikionekana na wakubwa, bibi na mjukuu wanaondoka. Isipoonekana, wanabaki. Majirani wote walilijua jambo hili na wakalinyamazia, miaka nenda miaka rudi, bila mtu kuitisha kikao. Hatukujua mimi na afisa mipango miji tu, kwa sababu sisi wawili tulikuwa watu wa kuja.

Basi, mradi ukaja. Ulikuja na gari jeupe, jenereta moja, kompyuta za mkononi kumi na kijana mmoja mtaalamu kutoka Dar es Salaam, mpole, mwenye miwani, aliyemwita kila mtu "mdau". Alitueleza kwamba wanafunzi wangejenga mtaa wao ndani ya kompyuta kwa mchezo wa matofali. Kila mmoja angeanza na nyumba ya kwao, kisha njia, visima, maduka, misikiti na makanisa. Mwisho wangekaa pamoja kuamua eneo la wazi la mtaa lijengwe nini, na wakishaamua, halmashauri ingejenga kweli. Hapo kwenye "ingejenga kweli" mwenyekiti wa mtaa alicheka mpaka akaomba maji.

Huyu mwenyekiti alikuwa mzee wa Kiha, mfanyabiashara wa mawese, mwenye sauti ya kuamrisha hata anaposalimia. Mtaalamu alimkaribisha azindue mchezo mbele ya wazazi. Mzee akavua kofia, akaketi, akashika kompyuta kwa mikono miwili, akabonyeza. Kwenye kioo, yule mtu wa matofali aliyekuwa anamwakilisha akatembea moja kwa moja hadi ziwani, akaingia, akazama.

"Nimekwenda wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Umekufa, Mzee," mtaalamu akamjibu kwa upole. "Lakini si neno, unarudi tu."

Hapo karibu hakuna familia ambayo haijawahi kupoteza mtu ziwani, na huwezi kumwambia mwenyekiti wa mtaa kwamba amezama halafu ukasema si neno. Mama mmoja akaanza kulia. Mzee mwenyewe alikataa kuinuka kwenye kiti mpaka atolewe majini, na alipotokea tena kwenye kioo, nchi kavu, mkavu, akarudisha kofia yake kichwani, na watu wakapiga makofi na shangwe. Kwa wiki nzima baada ya hapo waliokutana naye barabarani walimpa pole kwanza, ndipo wakampa hongera.

Tukaanza kazi. Na hapa lazima nimtambulishe vizuri mwanafunzi wangu, yule mjukuu. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye kusema kidogo, na vidole vyake vilikuwa na kasi ambayo sijaiona tena. Wenzake walipokuwa bado wanatafuta namna ya kugeuka nyuma, yeye alikuwa ameshamaliza barabara ya kutoka shuleni hadi sokoni, na mitaro pande zote mbili. Nikamfanya fundi mkuu. Mwenye kukwama alimwita yeye.

"Na nyumba ya kwenu?" nilimwuliza siku ya pili, nikiwa na daftari langu la kuhakiki.

"Mimi naishi Ujiji, Madam. Kwa shangazi."

Mwanafunzi mmoja akakohoa, mwingine akaangusha kalamu. Mimi nikaandika "Ujiji" kwenye daftari na kupita. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, wanafunzi waliotoka Ujiji walikuwa wameloa hadi magotini, na yeye soksi zake zilikuwa nyeupe pe! Mimi ninayeona kosa la herufi kwenye bango lililo ng'ambo ya barabara sikuziona soksi zile.

Wiki ya kwanza ilimezwa na nguruwe. Mchezo ule ulikuwa unazalisha wanyama wenyewe, bila kuombwa, na nguruwe wake walipendelea sana msikiti. Ukiwafukuza asubuhi, mchana utawakuta kumi na wawili wamesimama mlangoni kama wanasubiri adhana. Habari zikatoka darasani zikafika mtaani kwamba shule imefuga nguruwe msikitini. Siku iliyofuata nikamwona sheikh anaingia ofisini kwa mkuu wa shule, na nyuma yake mchungaji wa Wasabato, ambaye naye hakutaka kusikia habari za nguruwe. Ilikuwa mara ya kwanza, niliambiwa, kwa wawili hao kuja mahali pamoja kwa shauri moja. Mtaalamu alieleza kwamba wale si nguruwe, ni picha. Sheikh akamjibu kwamba na ule si msikiti, ni picha, na bado nguruwe wako mlangoni. Tukaunda kamati ya kuchunga nguruwe, watu wanne kwa zamu, na nikawapangia ratiba ukutani.

Baada ya nguruwe wakaja wananchi. Ilikuwa imeenea kwamba kilichomo kwenye kompyuta ndicho serikali itakachokiamini, na kwa kweli sikuwa na namna ya kukanusha, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeambiwa hivyo hivyo. Dereva mmoja wa bodaboda alitaka njia ya kwake ipanuliwe. Mama aliyekuwa akiuza migebuka pale kona alitaka choo cha jirani kihamishiwe upande ambao upepo haufiki kwenye fungu lake la samaki. Wanafunzi walimwonea huruma wakakihamisha. Kesho yake mwenye choo akaja shuleni amevimba, anataka kujua nani kaenda chooni kwake bila ruhusa akakibeba.

Hapo ndipo mwenyekiti alipotoa amri kwamba mambo yafanywe kwa utaratibu. Utaratibu wa mipaka kwa watu wale ni huu: huwezi kupanda minyaa kati yako na jirani mpaka wawepo mashahidi wa pande zote mbili, watu wazima wanaoheshimika, wasimame pale minyaa ikipandwa, waione, ili siku ya ugomvi waje waseme. Karatasi ni karatasi, lakini shahidi wa mpaka ana macho. Kwa hiyo mashahidi wakaja shuleni. Wazee wanane waliketi nyuma ya kompyuta ya fundi mkuu kwenye viti vya maabara. Msichana akawa anapanda minyaa ya matofali, mstari kwa mstari, na kila mstari ukimalizika wazee wanainuka, wanainama mpaka pua ziguse kioo, wanasema, "Ego," yaani ndiyo, "tumeona," wanakaa. Tulitumia siku tatu. Siku ya pili jenereta lilizimika kabla kazi haijahifadhiwa, na mipaka yote ya mashariki ikapotea. Kung'oa minyaa ya mpaka ni kosa zito sana kule, na kwa kuwa hakupatikana mtu wa kushtakiwa, ofisi ya mtaa iliandika onyo la maandishi kwa jenereta. Nililisoma mimi mwenyewe. Lilikuwa na muhuri.

Walipofika kwenye mpaka unaoelekea eneo la wazi, nikauliza kama ilivyo ada, "Jirani wa upande huu ni nani?"

Wazee wanane wakatazama kioo. Hawa walikuwa watu ambao jana yake walikuwa wamebishana saa nzima kwa ajili ya hatua mbili za ardhi.

"Upande huo ni majani," akasema mkubwa wao.

"Majani tu," wakasema wengine saba.

Msichana akaweka majani, kijani kibichi, bila kugeuka. Nakumbuka niliwasifu wazee kwa kukubaliana upesi namna ile. Niliwaambia kwamba huo ndio uadilifu.

Kilichobaki ni kura. Mapendekezo yalikuwa matatu: zahanati, mahali pa kuanikia dagaa, na uwanja wa mpira. Nilitegemea ushindani mkali, nikawapa dakika kumi za kujadiliana. Hawakuzihitaji. Mikono ilinyooshwa yote kwa uwanja wa mpira, ya wavulana na ya wasichana, na wa fundi mkuu ulikuwa miongoni mwa ya kwanza. Baadaye, yalipokwisha yote, niliwauliza kwa nini. Walikuwa wameshauriana chini kwa chini. Zahanati ina wakandarasi, wapima, watu wa kuja kuchungulia kabla ya ujenzi. Uwanja wa mpira ni majani, na kwenye ramani majani yalikuwapo tayari, kwa hiyo hakuna mtu ambaye angesumbuka kuja. Na fundi mkuu mwenyewe, kwa nini alinyoosha mkono nyumba yake ipigiwe mpira juu? "Nisingenyoosha," aliniambia, "ungeniuliza sababu, Madam." Ni kweli, ningeuliza.

Mwenyekiti naye aliunga mkono uwanja kwa moyo mweupe. Yeye hesabu yake ilikuwa rahisi zaidi. Tangu aingie madarakani mtaa ulikuwa umeahidiwa kisima, daraja, taa za barabarani na soko lenye paa, na hakuna kilichowahi kujengwa hata jiwe moja. Alikuwa na uhakika kabisa kwamba usalama wa bibi yule hauwezi kupatikana mahali pazuri zaidi ya ndani ya mpango wa maendeleo.

Nikatia saini. Fomu ilisema: "Nathibitisha kwamba nyumba zote za mtaa zimehesabiwa na wanafunzi mlango kwa mlango." Nakala tatu, na kila moja nikaandika jina langu kamili kwa mwandiko wangu wa ubaoni.

Na safari hii, kwa sababu ambazo hakuna aliyezielewa, mpango ukapita. Barua ilikuja kabla hatujamaliza hata mihula miwili. Uwanja umeidhinishwa, afisa mipango miji atakuja kukagua eneo, wanafunzi waandae kompyuta. Nilimpelekea mwenyekiti barua ile kwa furaha, dukani kwake, kati ya madumu ya mawese. Akaisoma. Akaikunja. Akaikunjua akaisoma tena.

"Wanajenga?" akasema.

"Wanajenga, Mzee! Hongera!"

"Yoo," akasema mwenyekiti, akakaa juu ya dumu. Nikadhani ni furaha imemzidi.

Siku ya ukaguzi ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, jua kali. Afisa mipango miji alikuwa mtu wa Tanga, mstaarabu, shati limepigwa pasi hadi mikono inakata, na alikuwa amechapisha mchoro wetu kwenye karatasi kubwa kama shuka. Mtaalamu alikuwepo na miwani yake. Fundi mkuu alibeba kompyuta moja ili tulinganishe. Nilimwona amekuwa kimya kuliko kawaida, nikamwambia asiogope, ametengeneza kazi nzuri. Nyuma yetu walifuata wanafunzi kumi na wawili, mwenyekiti, mama wa migebuka, mashahidi wa mpaka, na watu ambao sikuwajua wametokea wapi, ila wote walikuwa wanatembea polepole mno. Kila baada ya hatua chache mtu alimsimamisha afisa amwonyeshe kitu cha ajabu: mtaro, mti, mbuzi.

Tukafika. Afisa akafungua mchoro wake, akaugeuza kaskazini iwe kaskazini, akahesabu hatua.

"Kwa mujibu wa mchoro," akasema, "hapa nilipo ni duara la katikati."

Alikuwa amesimama mlangoni kwa bibi. Nyumba ilikuwa mbele yake, ya tofali za kuchoma, na bibi mwenyewe alikuwa amekaa kizingitini ametandaza mkeka wa dagaa, anachambua. Bibi akainua kichwa.

"Bwakeye," akasalimia kwa lugha yake.

"Shikamoo, Mama," akajibu afisa, kisha akatazama mchoro, akatazama nyumba, akatazama mchoro. "Samahani, Mama. Umekaa katikati ya uwanja."

Afisa akamgeukia mwenyekiti. "Mzee, hii nini?"

"Ipi?" akasema mwenyekiti.

"Hii."

"Aa, hii. Hiki ni chumba cha wachezaji. Cha kubadilishia jezi."

"Uwanja haujajengwa, Mzee."

"Tulitangulia."

"Ni stoo ya mipira," akasema mwanafunzi mmoja wakati huo huo, na mama wa migebuka, ambaye hakuwa amesikiliza wengine, akasema kwa sauti ya juu kwamba ni kanisa. Shahidi mkubwa wa mpaka alisema yeye haoni kitu. Aliapa. Afisa akasogeza pazia la mlango kidogo, kwa adabu, akachungulia ndani, akaona kitanda, sufuria, daftari za shule zimepangwa kwenye boksi.

"Wachezaji wanalala humu?" akauliza.

"Wakichoka," akasema mwenyekiti.

Wakati huo mimi nilikuwa na hasira. Nasema kweli: sikuwaza bibi, sikuwaza kambi, nilichowaza ni saini yangu kwenye nakala tatu. Nilikuwa nimechezewa na wanafunzi arobaini, wazee wanane na serikali ya mtaa. Nilikuwa tayari kuanza na wale kumi na wawili hapo hapo, mmoja mmoja. Nikamgeukia fundi mkuu kwanza, maana majani yale aliyaweka yeye.

Alikuwa ameikumbatia kompyuta, kioo amekigeuzia kifuani. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anazitazama daftari kwenye boksi, ambazo kutoka pale niliposimama hata mimi niliweza kuziona, na ya juu kabisa ilikuwa ya Jiografia, imefunikwa kwa gazeti kama ninavyowalazimisha wote wafanye, na kalamu yangu nyekundu imepita juu ya gazeti: "Safi. Ongeza bidii."

"Madam," afisa akasema, naye sauti yake sasa ilikuwa ya kiofisi. Alikuwa ameitoa nakala ya fomu. "Uliyethibitisha ni wewe. Mlango kwa mlango. Hapa pana nyumba au hapana?"

Nikisema hapana, wanavunja. Nikisema ipo, swali linalofuata ni la nani, na jibu lake ni basi la kwenda kambini. Mtaa wote ulinitazama. Nadhani walikuwa wamejiandaa kwa kila kitu isipokuwa mimi, kwa sababu walinijua.

"Ipo," nikasema. Nikamsikia mwenyekiti anavuta pumzi. "Ni kwangu."

"Kwako?"

"Naishi hapa. Na huyu ni mama yangu."

Afisa akamtazama bibi, mfupi, mweupe kidogo, na kitenge kimefungwa begani kwa namna ya Kirundi ambayo hata mgeni anaijua. Akanitazama mimi, Mnyaturu mrefu wa Singida.

"Mama yako."

"Amekaa sana Kigoma," nikasema.

"Na kwa nini hukujiweka kwenye ramani?"

"Mwalimu kujiwekea nyumba katikati ya eneo la wazi," nikasema, "ingeonekana najipendelea." Sikuwahi kusema uongo wa namna ile, na nilishangaa jinsi ulivyotoka umenyooka.

Bibi hakuwa na Kiswahili kingi. Alikuwa amesikia "mama" na ameona watu wote wamemgeukia. Akamwuliza mjukuu wake kwa Kirundi nimesema nini, na mjukuu akamweleza kwa sauti ya chini. Bibi akaacha kuchambua. Akanitazama muda mrefu, kuanzia viatu hadi nywele, bila hasira.

"Umwana wanje yasigaye i Kagunga," akasema.

Miaka mitatu ya sokoni Kigoma ilinitosha kuelewa. Mwanangu alibaki Kagunga. Hata afisa alikuwa amedaka neno moja.

"Anasema nini kuhusu Kagunga?"

Msichana akawahi kujibu. "Anasema dagaa hawa ni wa Kagunga, afande. Anakukaribisha."

Sijui kwa nini alimwita afande. Afisa akainama, akachukua dagaa mmoja, akamtafuna, akasema kweli wa Kagunga wana ladha yao. Bibi alipoona anakula, akamfungia kwenye gazeti, mafungu mawili makubwa, na afisa akapokea kwa mikono miwili. Kisha, akiwa na dagaa kwapani, akatangaza uamuzi. Hawezi kumvunjia mwalimu nyumba. Uwanja utasogezwa, utakuwa mfupi, utakuwa wa netiboli. Ila mchoro lazima urekebishwe leo leo, nyumba iwekwe kwenye mchezo mahali ilipo, na kibao cha jina la mwenye nyumba kama nyumba nyingine zote, maana yeye anaondoka nao saa kumi. Mashahidi wa mpaka wakasema wako tayari kuja kuona.

Nikawaambia wasije. Alasiri tulikaa wawili, mimi na fundi mkuu, kwenye chumba cha kompyuta, jenereta linanguruma nje. Akaondoa majani. Akaanza kuinua kuta. Alijua kila kipimo bila kufikiri, tofali ngapi upande wa mlango, ngapi upande wa jiko. Nilitaka kusema kitu cha maana, nikashindwa, kwa hiyo nikafanya ninachokijua.

"Dirisha hilo umeliweka juu mno," nikamwambia.

"Ndivyo lilivyo, Madam. Bibi alitaka akisimama aone ziwa." Akaweka tofali jingine. "Mama aliugua tumbo pale ufukweni. Meli ilipotufikia alikuwa ameshazikwa. Tuliposhuka Kigoma bibi akauliza, huko kambini ziwa linaonekana? Wakamwambia hapana. Akakataa basi."

Nilikuwa nimemfundisha msichana huyu mwaka na nusu. Niliona aibu, na niseme tu hivyo, niliona aibu sana, na hakuna mahali pa kuiweka. Nilikuwa nimejitwalia mahali pa mtu mbele ya mama yake mzazi, na nikaona ni ushujaa.

Nyumba ikamalizika. Ilifanana. Nguruwe mmoja akaja akasimama karibu na jiko, msichana akamfukuza. Kisha akaleta kibao, akakisimamisha mlangoni, vidole vikatulia juu ya herufi.

"Niandike jina la nani, Madam?"

Alijua jibu kama nilivyolijua mimi. Afisa alikuwa ameshaandika kwenye fomu yake.

"Langu," nikasema.

Akaandika majina yangu yote matatu, taratibu, bila kosa hata moja. Akahifadhi kazi, akafunga kompyuta, akafuta meza kwa kitambaa kama utaratibu wangu ulivyotaka. Akavaa begi lake, akasimama mbele yangu kama wanavyosimama, mikono nyuma.

"Naomba ruhusa niende kwako, Madam," akasema. "Bibi ananisubiri."

Nikamruhusu.